Ndoo ya Kwanza

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkurugenzi wa Afya wa jiji ametugawia madaftari leo, kila mfanyakazi lake, jalada gumu, tuandike kumbukumbu za dharura. Anasema mambo yakiisha atayakusanya. Namjua huu mwaka wa kumi, hatakumbuka hata kwamba aliyagawa. Basi hili ni langu, na nitaandika ninachotaka.

Dharura yenyewe ni hii. Tangu Ijumaa wameletwa hospitali wagonjwa kumi na mmoja wa kuhara na kutapika, wanane kati yao wametoka mtaa wa bondeni. Daktari wa zamu alisema kipindupindu kabla hata maabara haijajibu. Mvua zimeanza kwa fujo, mto umejaa tope, mtambo wa kusafisha maji unaziba kila mara, na Idara ya Maji imeanza mgao. Bondeni maji yanatoka kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili, basi, hadi kesho yake.

Kama kuna mtu atakayelisoma daftari hili, ajue kwamba mimi ndiye sauti ya gari la matangazo. Mtoto aliyepotea, barabara itakayofungwa, chanjo, mbwa wenye kichaa, yote nimeyasema mimi kwa miaka kumi na tisa. Kazi yangu ina sharti moja. Tangazo huja kwenye karatasi yenye muhuri wa Mkurugenzi, nami nalisoma lilivyo, sipunguzi wala siongezi. Bila muhuri sifungui mdomo. Watu wananiamini kwa sababu hiyo, na sioni haya kusema kwamba najivunia.

Jumanne, tarehe 4

Tumerekodi. Siku hizi sikai kwenye gari kutwa nzima. Nasoma mara moja ofisini, sauti inatiwa kwenye flashi, na magari matatu yanazunguka nayo. Maneno ni haya: "Ndugu wananchi, umeingia ugonjwa wa kipindupindu. Msitumie maji ya visima. Tumieni maji ya bomba. Yamepimwa, na ni salama. Naweni mikono kwa sabuni." Nimeyasoma mara tatu mpaka koo likakauka. Fundi mitambo akasema ile ya tatu ilikuwa tamu. Nikamwambia hongera, tumepata kipindupindu kitamu.

Jumatano, tarehe 5

Mvua. Wagonjwa kumi na tisa.

Ijumaa, tarehe 7

Nimekwenda bondeni kumwona mdogo wangu. Ni mshonaji, anaishi na mumewe na watoto watatu kwenye vyumba viwili vinavyotazamana na kisima cha mtaa. Nimekuta askari wa jiji wamekifunika kisima kwa bati na kukipiga kufuli. Watu wamesimama wanatazama, hakuna aliyegomba. Mdogo wangu aliniambia kwa utani kwamba sauti yangu ndiyo iliyokifunga, askari walikuja na nyundo tu.

Wanategemea bomba moja lililo mwisho wa uchochoro. Foleni ya ndoo na madumu inapangwa tangu saa kumi na moja. Anayekinga kwanza kila siku ni jirani yake wa ukuta mmoja, Mama Pacha, kwa sababu mlango wake uko hatua nne kutoka kwenye bomba na hataki mchezo na nafasi yake. Bomba linakohoa, linatema hewa, kisha maji, na yeye ndoo yake ipo tayari. Hakuna tone linaloanguka chini mtaa ule.

Mama Pacha ni mnene, mcheshi, ana watoto pacha wa darasa la pili wanaofanana mpaka kwa kupiga chafya. Aliniigiza mbele yangu, "Nduuugu wananchi," mkono umeziba sikio moja, na watu wote wakacheka. Nilicheka pia, ingawa sidhani navuta "ndugu" kiasi kile. Alinibebea mwavuli mpaka barabarani.

Jumapili, tarehe 9

Nimelala kutwa. Mzee wangu, yaani mume wangu, amepika. Chumvi imezidi, sikusema kitu.

Jumanne, tarehe 11

Wagonjwa sitini na wanne, waliokufa watatu. Arobaini na tano ni wa bondeni.

Kamati ya dharura imekaa kuanzia asubuhi hadi mchana, nami nikawa nimekaa kwenye kona nikisubiri maneno. Mhandisi wa Maji alileta majibu ya vipimo. Kila siku wanachukua chupa ya maji kwenye bomba la bondeni lenyewe, na kila siku maji ni safi, dawa imo ya kutosha. Akasema kama maji ya bomba ni safi na watu bado wanaugua, basi watu hao wanachota penginepo. Mtu mmoja akasema kufuli za visima huwa zinafunguliwa kwa pini ya nywele. Mwingine akasema watu wa bondeni ni wabishi tangu enzi. Mkurugenzi akaamuru magari yapite bondeni asubuhi hadi jioni, si mara mbili kwa siku.

Nami nilikubaliana nao, niandike ukweli. Nilikasirika. Nilijiona kama mtu aliyesema hadi akakauka koo halafu anapuuzwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikawaza. Nikampigia mdogo wangu simu nikamuuliza, bila hata salamu, kama wanaiba maji kisimani.

"Dada, lile kufuli sijaligusa," akasema. "Nakunywa kile ulichoniambia ninywe." Akakata simu. Hajawahi kunikatia simu tangu tulipokuwa wasichana.

Alhamisi, tarehe 13

Gari limepita chini ya dirisha letu wakati nakata vitunguu. Inachosha kujisikia mwenyewe nje wakati uko ndani. Mzee wangu, ambaye alikuwa fundi bomba wa Idara ya Maji miaka thelathini mpaka mgongo ulipomstaafisha, akasema kumbe ameoa wake wawili, mmoja jikoni na mwingine barabarani, na wote wawili wanamwambia anawe mikono.

Jumamosi, tarehe 15

Mia moja na kumi na wawili. Uwanja wa mpira umejaa mahema. Wauguzi wanalala kwa zamu kwenye viti vya mashabiki. Mvua haijakatika tangu jana. Viatu havikauki.

Jumatatu, tarehe 17

Mzee aliniuliza leo bondeni wanakaa saa ngapi bila maji. Nikamwambia ishirini na mbili. Akaweka kikombe chini.

"Bomba lenye maji linasukuma nje," akasema. "Bomba tupu linanyonya. Na la bondeni linalala sambamba na mtaro wa maji machafu. Nalijua, viungo vyake nimevifunga kwa mkono huu, na nilipoondoka vilikuwa vimeanza kuoza."

Nikamwambia vipimo ni safi, kila siku, hata vya bondeni. Akauliza huyo anayepima anapimaje. Nimekaa idara hii miaka kumi na tisa nikitangaza "yamepimwa", na sijawahi kuona yakipimwa.

Jumanne, tarehe 18

Sina budi kuandika yote.

Anayepima maji ni binti wa maabara tunayemwita Chupa, kwa sababu huwezi kumkuta bila sanduku lake la chupa. Mchapakazi, anaandika namba zake kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Jana jioni nilimwomba twende pamoja bondeni, na twende mapema, kabla maji hayajafika. Alishangaa kidogo. Yeye hufika bondeni saa moja na nusu, baada ya kupitia mitaa mingine. Lakini alikubali, maana mimi ni mtu mzima na hapendi kuninyima.

Tulifika saa kumi na mbili kasorobo. Manyunyu. Foleni ilikuwa imeshajipanga, na mbele kabisa Mama Pacha na ndoo yake ya bluu. Chupa akawaomba radhi, akasema anahitaji kupima. Nikamwambia anionyeshe kwanza jinsi anavyofanya siku zote.

Akasema kanuni iko wazi. Unafungua bomba, unaacha maji yatiririke dakika tatu, ukiangalia saa, ndipo unakinga chupa. Sababu ni kwamba unataka kupima maji ya bomba kuu, hutaki kupima uchafu uliokaa mdomoni mwa bomba. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha alifundishwa hivyo hivyo.

"Na yale ya dakika tatu za mwanzo?" nikamuuliza.

"Yanamwagika, mama."

Nikageuka nikaitazama foleni. Ndoo, madumu, sufuria, hata ndoo ndogo za watoto za kuchezea mchanga. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumwaga maji ya dakika tatu tangu mgao uanze. Ni nani angemwaga?

Nikamwambia Chupa akinge chupa moja ya maji ya kwanza kabisa, na nyingine baada ya dakika tatu zake. Ana vidonge vya kupimia dawa, unatia kimoja, maji yenye klorini yanageuka waridi papo hapo. Bomba likakohoa, likatema hewa, likatoa maji ya rangi ya chai iliyozidishwa maji. Akakinga. Akatia kidonge. Tukasubiri, akatikisa, tukasubiri tena. Hayakugeuka kitu. Chupa ya pili, baada ya dakika tatu, iligeuka waridi zuri kabisa, mpaka mtoto mmoja akaomba apewe.

Chupa aliziweka chupa zote mbili kwenye ukuta akazitazama. Alisema polepole kwamba amepima bomba hili kila siku tangu tarehe nne.

Muda wote huo Mama Pacha alikuwa ameweka beseni chini ya bomba ili maji tunayomwaga yasipotee. Alipoona tumenyamaza akaacha kucheka. Akaniuliza, "Dada mkubwa, kwani yana nini?"

Mdomo nilikuwa nao. Sauti nilikuwa nayo. Nilichokosa ni karatasi.

"Tunapima tu," nikamwambia.

Akaridhika. Akamimina maji ya beseni ndani ya ndoo yake, akaijaza, akaiingiza ndani.

Jioni nimempigia mdogo wangu. Nimemwambia ndoo ya kwanza imwagwe, yote, na yanayobaki yachemshwe. Aliuliza kama awaambie majirani. Nikasema awaambie akitaka, lakini asiseme amesikia kwangu, mpaka muhuri upigwe. "Siku moja tu," nikasema. "Kesho nitapata muhuri."

Jumatano, tarehe 19

Nilikuwa mlangoni kwa Mkurugenzi kabla ofisi haijafunguliwa. Chupa alikuja na zile chupa. Nilijiandaa kugombana, na sikupata wa kugombana naye. Alikuwa amelala kwenye kiti na viatu vyake, shati la jana, vidole vina wino. Alisikiliza yote, hakunikatiza. Akashika chupa ile isiyo na rangi akaigeuzageuza kwenye mwanga.

Kisha akasema kidonge si ushahidi wa vijidudu, tusubiri maabara ivioteshe vionekane, siku mbili tatu. Halafu Idara ya Maji lazima ikubali, maana bomba ni lao. Tukisema leo kwamba maji ya bomba hayafai baada ya kusema yanafaa, watu hawatatuamini tena, na watarudi visimani, na visimani ndiko ugonjwa ulikoanzia. Kikao Ijumaa.

Nikamwomba angalau tunyamaze, tuyaondoe magari barabarani mpaka Ijumaa. Akasema kimya nacho ni tangazo.

Huyu mtu si mwovu, nataka kuliandika hilo. Amechoka na anaogopa, na ana bosi juu yake anayeogopa zaidi. Nilitoka nikaenda mezani kwangu nikakunywa chai. Nilisikia gari linatoka getini, na mimi nikiwa ndani yake.

Mzee wangu aliponiuliza jioni nikamwambia tunangoja. Akasema ngojangoja huumiza matumbo. Kawaida ningecheka.

Alhamisi, tarehe 20

Hakuna muhuri. Nimerekodi tangazo la jinsi ya kuchanganya chumvi na sukari. Wagonjwa mia mbili na arobaini.

Ijumaa, tarehe 21

Kikao. Mhandisi wa Maji alikasirika kabla hata Chupa hajamaliza. Mabomba yake hayanyonyi. Na eti tuwaambie watu wamwage maji wakati wa mgao, wakati yeye anahangaikia kila tone, watu watatucheka. Akamuuliza Chupa alisoma wapi. Binti wa watu akajibu kwa adabu, akataja chuo, akakaa.

Mtu wa sheria akapendekeza neno "huenda". Mtu wa itifaki akapendekeza tusiseme bondeni, tuseme "baadhi ya maeneo". Wakabishania "huenda" mpaka chai ikaletwa. Mwishowe wakakubaliana wasikubaliane mpaka majibu ya maabara yatoke kesho.

Nilisimama nikasema kwamba watu wanakinga maji hayo kila asubuhi, kesho asubuhi watayakinga tena. Wakanitazama kama kiti kimesema. Mkurugenzi akasema, kwa upole, "Mama, tutakupa karatasi ikiwa tayari." Nikakaa. Hilo ndilo linalonisumbua sasa ninapoandika, jinsi nilivyokaa upesi.

Jumamosi, tarehe 22

Maabara imejibu. Vijidudu vimo, vimejaa tele, kwenye chupa ya maji ya kwanza. Saa tano na nusu muhuri ukapigwa. Maneno: "Wananchi wa baadhi ya maeneo mnashauriwa kuacha maji ya bomba yatiririke kwa dakika tano kabla ya kukinga, na kuchemsha maji yote ya kunywa." Hakuna neno kuhusu yale tuliyosema kwanza. Funika kombe mwanaharamu apite. Nilisoma mara moja tu, nikawaambia hiyo hiyo inatosha.

Magari mawili yamebadilishiwa flashi. La tatu dereva wake alikuwa amelipeleka matengenezo na flashi ya zamani ndani yake.

Jumapili, tarehe 23

Mdogo wangu amepiga simu saa nne asubuhi. Mama Pacha amefariki uwanjani, alfajiri.

Alianza kuugua Alhamisi. Walimchelewesha, kwa sababu alisema ni tumbo la kawaida na hakutaka pacha waachwe peke yao. Mdogo wangu alizungumza bila kulia, na hilo liliniogopesha kuliko kilio. Alisema Jumatano alikwenda kumwambia Mama Pacha amwage ndoo ya kwanza. Akamsihi. Mama Pacha akamuuliza habari hizo amezitoa wapi. Mdogo wangu, kwa kuwa aliniahidi, akasema amesikia tu mtaani. Mama Pacha akamjibu kwamba ya mtaani ni ya mtaani, yeye Jumanne amemuuliza dada mtu mwenyewe, ana kwa ana, na dada mtu amesema wanapima tu.

"Nilitunza siri yako," mdogo wangu akasema. "Nimeitunza vizuri, dada."

Wakati tunazungumza nilisikia kwenye simu, upande wake, gari linapita. Lilikuwa lile la tatu. Yamepimwa, na ni salama. Tulisikiliza wote wawili mpaka likaisha.

Nimemwambia mzee wangu. Amekaa nami kitandani na mgongo wake mbovu, mchana kutwa.

Jumatatu, tarehe 24

Nimeletewa karatasi nyingine, na muhuri wake. Inasema jiji liligundua hitilafu ya maji siku ya Jumamosi tarehe 22 na kuwatangazia wananchi siku hiyo hiyo bila kuchelewa. Nikamuuliza Mkurugenzi kama hiyo "bila kuchelewa" ni lazima. Akasema imetoka juu. Hakunitazama. Chupa alikuwa mlangoni, akaondoka.

Nikasoma. Kwa nini? Najiuliza hapa na sipati jibu linalonipa heshima. Nilikuwa nimechoka, karatasi ilikuwa mbele yangu, kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, na miaka kumi na tisa ni mazoea makubwa. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Fundi mitambo akasema safi.

Wagonjwa wapya bondeni leo: saba tu. Wiki iliyopita walikuwa wanafika ishirini kwa siku. Dakika tano za kumwaga maji, hiyo ndiyo dawa iliyokuwa inatafutwa.

Jumanne, tarehe 25

Nimekwenda msibani. Sikumwambia mtu kazini, nilichukua mkoba nikatoka.

Walikuwa wamepanga viti kwenye uchochoro, chini ya turubai, maana mvua ilikuwa inakuja na kuondoka. Mdogo wangu alikuwepo, anaosha vikombe. Aliniona, akaitikia salamu, akaendelea kuosha. Nilikwenda kumpa pole mume wa marehemu. Ni dereva wa lori, mtu wa maneno machache, nilikuwa nimeonana naye mara mbili tatu tu. Alinishika mkono, akanishukuru kwa kuja. Akaniletea kiti yeye mwenyewe, na hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko kama angenifukuza.

Nilikaa labda robo saa. Pacha walikuwa mlangoni, kila mmoja amevaa sweta la mwenzake, nadhani, maana moja lilikuwa na kiraka kilichotaka kiwiko cha mwingine. Watu walikuwa wanazungumza chini chini. Kisha mume akaniuliza, si kwa ukali, kama mtu anayetaka kupanga vitu mahali pake.

"Dada, jana gari limepita linasema jiji liligundua Jumamosi. Ni kweli?"

Kila mtu alisikia. Mdogo wangu akaacha kuosha.

Nilikuwa na karatasi ya kunilinda. Ningesema tu, ndivyo lilivyotangazwa, na isingekuwa uongo, na nadhani angeniamini, kwa sababu mkewe aliniamini. Nilimtazama usoni. Hakuwa amelala siku tatu.

"Si kweli," nikasema. "Tulijua Jumanne."

Niliona anahesabu. Midomo yake ilisogea kidogo. Jumanne, Jumatano. "Mke wangu aliugua Alhamisi," akasema.

"Najua."

Akainamisha kichwa. Nilidhani yamekwisha, au yataanza. Lakini ndani ya chumba, nyuma ya pazia, kulikuwa na mtu aliyekuwa akiuliza kitu, sauti ya kizee, ikiuliza tena na tena, wanasema nini huko, amesema nini huyo. Mume akanyanyua kichwa.

"Ni mama yake marehemu," akaniambia. "Masikio yake ni mazito. Anataka kusikia." Akanyoosha mkono kuelekea pazia. "Mwambie wewe. Kwa sauti."

Nikasimama. Nililia kabla sijaanza, nikajifuta kwa mkono. Sina sauti nyingine kubwa ila ile moja, ile ya gari, inayofika nyumba ya tatu bila kupiga kelele. Nikaitoa. Nikasema tulijua Jumanne kwamba maji ya kwanza yana ugonjwa. Nikasema niliyaona kwa macho yangu, pale bombani, nimesimama karibu na binti yako. Nikasema aliniuliza maji yana nini, nami nikamficha, nikamwambia tunapima tu, kwa sababu nilikuwa sijapewa ruhusa ya kusema. Nikasema halafu jana nimewatangazia uongo.

Hata watu waliosimama bombani kule mwisho walikuwa wamegeuka. Pazia likasogea. Bikizee alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mdogo kuliko nilivyomdhania, kitambaa kimemwangukia begani. Alikirudisha kichwani.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, mama," nikasema.

Akavuta pazia.